HAJAOA, HAJAOLEWA: MFANYAKAZI ASIYE NA NDOA KATIKA RIWAYA YA KISWAHILI

Kiambishi -ja- katika kitenzi cha kukanusha kimeelezwa mara nyingi na wanasarufi, na maelezo yao hayatofautiani sana. Husemwa kwamba kiambishi hicho huonyesha tendo ambalo halikutimia hadi wakati wa kusema, lakini ambalo lingali likitazamiwa. Mvua haijanyesha, basi itanyesha. Mgeni hajafika, na chakula chake kimefunikwa. Wachache wamesimama kutazama kiambishi hiki kinafanya kazi gani kinapotiwa katika kitenzi cha kuoa. Mtu mzima wa miaka thelathini na mitano, mwenye kazi, mwenye ufunguo wa nyumba yake mwenyewe na mwenye kuwalipia karo wadogo zake, akiulizwa habari zake na watu wa kwao hujibiwa kwa neno moja: hajaoa, na akiwa mwanamke, hajaolewa. Mambo mengine yote aliyoyafanya yamo katika wakati uliopita au uliopo. Hili peke yake limo katika -ja-, nalo ndilo linaloulizwa kwanza.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba riwaya ya Kiswahili, ilipomchukua mtu huyu kuwa mhusika wake, ilimchukua pamoja na kiambishi chake. Imemwandika kama mtu anayengoja, au kama mtu aliyeanguka alipokuwa akingoja. Maisha yake ya kila siku, yaani jioni zake, marafiki zake, namna anavyomkaribia mtu aliyempendeza na namna wanavyoachana bila ya mtu kufa, ni machache mno yaliyoandikwa. Aidha itadaiwa kwamba sehemu kubwa ya lawama inayotupiwa waandishi katika jambo hili yawastahili zaidi wahakiki na walimu, ambao wamezisoma riwaya zenyewe kwa -ja- kuliko zilivyoandikwa.

Msamiati wafaa kutazamwa kwanza. Mwanamume asiye na mke ana majina: yeye ni kapera, au mseja, ijapokuwa neno hili la pili limechukuliwa na Kanisa kwa ajili ya mapadre na sasa lina harufu ya uvumba. Wazee wengi humwita pia mhuni, wala hawamtukani. Katika vinywa vyao mhuni ni mtu asiye na makao ya ndoa, hata kama hajapata kuvunja sheria yoyote. Lakini lugha haikuzitenga maana hizo mbili, na anayeitwa hivyo hana njia ya kujua ameitwa kwa ipi. Mwanamke ana majina mengi zaidi, ila kila moja lampima kwa mume. Kabla ya mume yeye ni mwari. Akiachwa ni mtalaka. Akifiwa ni mjane, na katika siku za eda ni kizuka. Mwanamke aliyefika makamo akifanya kazi yake, ambaye hakuwahi kuwa na mume, hana nomino ya heshima. Ana kitenzi tu, nacho ni cha kutendwa. Wala si siri kwamba kitenzi hicho kikigeuziwa mwanamume huwa tusi: mwanamume anayehamia katika nyumba ya mke mwenye mshahara husemwa kwamba ameolewa. Hapo sarufi inalinda mfuko.

Pengo lililo kubwa zaidi ni lile la kati ya mchumba na hawara. Mchumba amekwisha kujulikana na wazazi, au yu karibu kujulikana. Hawara na kimada ni watu wa kufichwa. Kwa yule ambaye mwalimu au karani hunywa naye chai siku ya Jumamosi, wakazungumza, wakaenda kutazama mchezo wa kuigiza, na ambaye huenda wakaoana au wasioane, Kiswahili sanifu hakina jina lililotulia. Mpenzi ni neno la nyimbo. Likitamkwa ofisini huchekesha. Rafiki wa kiume na rafiki wa kike ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Kutongoza kungefaa, lakini kitenzi hicho kimechafuka kwa matumizi, na siku hizi anayetongoza hudhaniwa ana hila. Mtaani maneno yapo, tena hayapungui. Kuna mpango wa kando, ambalo lilipata sauti ya pekee nchini Kenya mwaka 2013, wakati tangazo la televisheni la kuhimiza matumizi ya kondomu lilipoondolewa kwa malalamiko ya viongozi wa dini. Kuna sponsa, yaani mzee wa kulipa. Lakini maneno haya yanataja ama ndoa inayoibiwa ama fedha inayonunua. Watu wawili wasio na ndoa, wanaotazamana kwa nia njema na ambao bado hawajaamua, hawakupata neno lao hata mtaani.

Mtu asidhani kwamba upungufu huu ni wa lugha peke yake. Mji wenyewe ulijengwa kwa ajili ya mtu aliye peke yake bila ya kumheshimu. Nairobi ya wakati wa ukoloni, hadi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ilimhesabu Mwafrika kuwa kibarua asiye na jamaa. Nyumba za landhi na za baraza la mji zilipimwa kwa vitanda. Mkaaji wake hakuwa kapera hasa, kwani mara nyingi alikuwa na mke na watoto mashambani. Alikuwa kapera wa mjini, na mwanamke aliyempikia jioni alipewa jina moja tu. Mfanyakazi wa baada ya Uhuru, mwenye cheti au shahada, alirithi chumba hicho pamoja na sifa zake. Mwenye nyumba anayemuuliza mpangaji wa kike kama ana tabia ya kutembelewa anaendeleza, labda bila ya kujua, kanuni za zamani kuliko yeye.

Basi riwaya ilikuta nini mezani? Ilikuta lugha isiyo na jina la mtu huyu, mji uliomshuku, na ushairi wa kale uliomsemesha mwanamke akiwa njiani kuelekea kwa mume au akiwa kwake. Mwana Kupona alipomtungia binti yake utendi wa mawaidha, mwaka 1858, hakuwa na sababu ya kutia humo ubeti kwa mwanamke mwenye mshahara. Waandishi wa baada ya mwaka 1970 walikuwa nayo.

Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971, na hadi leo ndiyo inayotajwa kwanza kila panapozungumzwa msichana aliyesoma. Kisa chake kinajulikana. Zakaria, mlevi wa Ukerewe, anamlinda binti yake kwa kipigo. Barua moja ya mvulana yatosha. Rosa anapokwenda shule, na baadaye chuo cha ualimu Morogoro, hajui kukaa na mwanamume isipokuwa kwa kumkimbia au kwa kujitupa kwake. Anafanya yote mawili, kwanza la kwanza, kisha la pili. Anakuwa mwalimu, anatulia, anachumbiwa na Charles, Charles anatambua kwamba si bikira, anamwacha, Rosa anajiua. Kitabu kilipigwa marufuku kwa muda katika shule za Tanzania, kisha kikarudi, na kiliporudi kilifuatana na maswali ya mtihani.

Maswali hayo yana sura moja. Mwanafunzi hutakiwa aeleze jinsi Rosa alivyopotoka, kisha aseme ni nani wa kulaumiwa. Hujibu kwamba ni malezi, na akiwa hodari huongeza elimu ya kigeni. Hayo yote yamo kitabuni. Lakini swali lenyewe limekwisha kukubali kwamba upo mstari ulionyooka unaotoka nyumba ya baba hadi nyumba ya mume, na kwamba kila kilicho nje ya mstari huo ni upotovu. Riwaya haisemi hivyo. Rosa hafi katika siku zile alizokuwa akirukaruka. Anakufa alipokwisha kutulia, akiwa kazini, akiikaribia ndoa. Anakufa kwa kuwa ndoa ilidai hesabu ya miaka ambayo hakuna aliyemfundisha kuiishi. Tena baada ya kifo mwandishi anawasimamisha baba na binti mbele ya Mungu, kila mmoja akimlaumu mwenzake. Mwandishi aliyetaka kufundisha tu kwamba msichana asiyetulia atakufa hakuhitaji kesi hiyo, kaburi lingemtosha.

Hapa pana jambo ambalo wahakiki hawaligusi. Anayelifundisha somo hili darasani mara nyingi ni mwalimu mwenyewe asiye na ndoa. Amepangiwa shule ya mbali na kwao, anakaa katika nyumba ya walimu ambayo mlango wake unaonekana kutoka madarasani, na wanafunzi wake wanajua ni nani aliyemtembelea Jumapili. Yu mkubwa kwa umri kuliko Rosa. Husimama mbele ya vijana arobaini akawaandikia ubaoni sababu za kuanguka kwa mwalimu wa kike asiye na mume, na vijana hunakili. Ni vigumu kufikiri somo jingine ambalo mwalimu huombwa ajishuhudie hivyo kwa chaki yake mwenyewe. Huu si ubaya wa Kezilahabi. Ni ubaya wa usomaji uliogeuza msiba kuwa kanuni ya mwenendo.

Ushahidi kwamba usomaji huo ni wa makosa umo katika Kichwamaji, iliyotoka mwaka 1974, na ni ajabu kwamba riwaya hizi mbili huhakikiwa kama watoto wasiojuana. Kazimoto ni mwanamume, ni msomi wa chuo kikuu, hana baba wa kumpiga kwa ajili ya barua. Anaona jinsi Manase, mtu mwenye elimu na cheo, alivyomharibu dada yake Rukia, naye Rukia anakufa. Kisha Kazimoto anaoa. Anamwoa Sabina, dada ya Manase. Kama tiba ya maisha ya upweke ya msomi ingekuwa ndoa, basi hapa ndipo ingeponya. Haiponyi. Kazimoto naye anajiua. Riwaya hizi zikiwekwa sambamba, mmoja akifa kwa kukosa ndoa na mwingine akifa akiwa ameipata, hakuna namna ya kudai kwamba mwandishi anahubiri altare. Anachokionyesha ni kizazi kilichopewa shule na mshahara bila ya kupewa adabu ya kukutana. Mwanamume na mwanamke wanajua kuposana na wanajua kuharibiana, na katikati ya hayo mawili hapana daraja.

Hata hivyo Kezilahabi naye hana budi kuulizwa. Siku za Rosa za uanafunzi zimeandikwa kwa mapana, na siku zake za ualimu zapita upesi. Jioni za mwalimu huyu, baada ya madaftari kusahihishwa, hazikumvuta mwandishi kama zilivyomvuta jioni za mwanachuo. Yaani pale ambapo mtu amekuwa mtu mzima, ana fedha zake na angeweza kuchagua, kalamu inaanza kuharakisha kuelekea mwisho.

Haraka hiyo imo pia katika Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980), ingawa kwa njia nyingine. Maimuna anatoka katika kifungo cha nyumba ya Bwana Maksuudi na kuangukia baa ya mjini. Baada ya mateso anafikishwa kwenye ndoa na Kabi. Kazija ndiye anayestahili kutazamwa zaidi. Ni mwanamke asiye na mume, mwenye chumba chake, anayewakutanisha Maksuudi na mwanawe Mussa humo kwa makusudi ili mzee aaibike. Ana akili kuwapita wanaume wa kitabu, lakini akili yote imeajiriwa na kisasi. Mwandishi hakumpa hata jioni moja ya kupumzika.

Kapera pekee anayeufaidi ukapera wake bila ya adhabu katika fasihi hii ni jasusi. Willy Gamba wa Elvis Musiba, tangu Kufa na Kupona (1974), husafiri, hulala hotelini, hupendwa na wanawake wazuri, wala hana mama anayemuuliza mke yu wapi. Hana kodi ya nyumba inayoonekana. Wahakiki wameziita kazi hizi riwaya pendwa, na kwa jina hilo wakajipa ruhusa ya kutozisoma. Wangezisoma wangeona kwamba zina habari: kijana mwenye mshahara mdogo alizinunua kwa sababu zilimpa kwa siku mbili maisha ya mtu asiye na ndoa ambaye hatazamwi kwa huruma. Kwamba mtu huyo alipaswa kuwa na bastola ndipo aachwe apumue, hilo ni jambo la kufikiriwa.

Nchini Kenya nafasi hii ilijazwa kwa Kiingereza. Charles Mangua katika Son of Woman (1971) alimleta Dodge Kiunyu, mtumishi wa serikali mwenye shahada, anayesimulia mwenyewe pombe zake, madeni yake na wanawake wake. David Maillu alifuata na vitabu vya Comb Books, miongoni mwavyo After 4.30 (1974), ambacho jina lake tu ni uvumbuzi: saa kumi na nusu ofisi hufungwa, na mfanyakazi huwa mtu mwingine. Tanzania ilivipiga marufuku vitabu vya Maillu mwaka 1976. Inaruhusiwa kusema kwamba vitabu hivi vina kelele nyingi na kwamba wanawake wamo humo kama sahani. Lakini vilijua ratiba. Vilijua kwamba mapenzi ya mfanyakazi huanza saa fulani, katika mahali fulani, na kwamba kuna mtu atakayelipa. Riwaya ya Kiswahili ya miaka hiyo ilijua dhambi kuliko ilivyojua saa.

Hadithi fupi imefanya vizuri zaidi, labda kwa kuwa haina nafasi ya kumfikisha mtu kaburini. Katika 'Mke Wangu' ya Muhammed Said Abdulla, inayosomwa sasa katika mkusanyiko wa Damu Nyeusi na Hadithi Nyingine (2007), msimulizi aliyesoma anamkataa Seluwa, msichana wa kisasa, akamchagua Aziza wa shamba apate kumfinyanga kwa mkono wake. Aziza hafinyangiki. Kichekesho hiki kina maana ambayo mijadala ya shule huipitia juu juu kwa kusema kuwa ni mgogoro wa ukale na usasa. Msimulizi hamwogopi Seluwa kwa sababu ya usasa. Yeye mwenyewe ni wa kisasa. Anamwogopa kwa kuwa Seluwa angekuja na maoni yake, na kumwoa kungempasa kwanza amjue, yaani wazungumze miezi kadhaa bila ya hakika yoyote. Anachokikimbia ni ule muda usio na jina kati ya kukutana na kuposa. Amechagua ndoa ili aukwepe uchumba.

Muda huo ndio utajiri ambao riwaya imeuacha njiani. Yeyote anayeishi Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam anajua hesabu zake. Mwisho wa mwezi mshahara hugawanywa: kodi, fedha za nyumbani, karo ya mdogo, na kisha kamati za harusi. Hakuna anayechangia harusi za watu kama asiye na ndoa. Jioni kadhaa kwa mwaka hukaa hotelini mbele ya daftari la michango, akaahidi, huku wenzake wakimtania kwamba zamu yake inakuja. Tena huko huko kwenye kamati ndiko anakokutana na watu. Kichekesho na huzuni vimekaa meza moja, na mwandishi hajafika.

Au ichukuliwe nauli. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, mwanamume anayemwalika msichana kutoka mtaa wa mbali hutazamiwa kumtumia nauli kwa simu, na mara nyingine fedha hufika na msichana hafiki. Wanaume wa Nairobi wamelifanya jambo hili utani mkubwa. Husema nauli yao imeliwa. Utani huo una upande mmoja. Haumtaji msichana aliyefika, akakuta kwamba mkahawa ulioahidiwa umegeuka kuwa chumba cha mwenyeji, na ambaye mkobani alikuwa ameficha nauli ya kurudia aliyoitoa katika mshahara wake mwenyewe. Wanawake wengi hawatoki bila ya akiba hiyo. Katika shilingi mia mbili zilizokunjwa chini ya kitambaa mna habari za woga, matumaini, cheo na umbali wa mitaa kuliko kurasa ishirini za mahubiri, na bado hazimdai mhusika afe.

Ipo sababu nyingine ya ufundi. Katika riwaya nyingi za Kiswahili, wapendanao hawazungumzi. Hutoleana hotuba zenye misemo, au mwandishi husema kwamba walipendana, na sura inayofuata huanza na mimba au posa. Mazungumzo ya watu wawili wanaopimana, yenye vituo, kejeli ndogo, swali kuhusu kazi linaloficha swali jingine, yanataka Kiswahili cha kila siku ambacho waandishi wamefundishwa kukionea haya kwa jina la usanifu. Mfanyakazi wa Nairobi hutongoza kwa Kiswahili kilichochanganyika, cha kujihami, mara rasmi ghafula pale anapoogopa. Kumwandikia usemi wa kasida ni kumnyima sauti.

Mfasiri yeyote atakayekaa kumtia Dodge Kiunyu katika Kiswahili atalikuta tatizo hili lote mapema sana, mara tu Dodge anapoanza kuwataja wanawake anaojuana nao Nairobi. Itambidi achague. Akiandika mchumba, amewaleta wazee na mahari ambao Dodge hakuwaalika. Akiandika hawara au malaya, amekwisha kutoa hukumu kabla msimulizi hajafungua kinywa. Akiandika mpenzi, wasomaji watasikia taarabu. Huenda akaamua kuwataja kwa majina yao tu, bila ya cheo, na kuyaacha matendo yawaeleze.